Yai la Ndege Hupata Wapi Ribosomu Zake?

Mabibi na mabwana, naomba leo tuitazame seli moja tu. Ile njano ya yai la kuku, kabla haijatoka kwenye ovari, ni seli moja, na nyukliasi yake imejibanza kwenye doa dogo jeupe juu yake. Protini nyingi za njano hutengenezwa kwenye ini la kuku na kuletwa na damu. Kinachonishughulisha mimi ni ribosomu. Kiinitete kikianza kugawanyika hakina muda wa kuziunda. Ni lazima kizikute tayari.

Ribosomu ndizo zinazounda protini. Sehemu yake kubwa ni RNA, molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA, nayo ina jeni zake, zilizopangana nakala baada ya nakala. Jeni hizo zikifanya kazi, ndani ya nyukliasi huonekana nukleoli, yaani doa zito ambamo ribosomu huundwa. Chura aina ya Xenopus huzidurufu jeni hizo ndani ya seli ya yai, hata nyukliasi moja ikawa na nukleoli zaidi ya 1,000. Donald Brown na Igor Dawid walionyesha jambo hilo mwaka 1968, na Joseph Gall naye mwaka huohuo. Tangu hapo wengi tumezoea kuamini kwamba yai kubwa lazima liwe na nukleoli nyingi.

Kwa ndege sivyo. Kuku ana kromosomu 78, na jeni za ribosomu zimo kwenye jozi moja tu, namba 16, miongoni mwa zile ndogondogo. Seli ya yai ikiwa changa bado, nukleoli ipo. Kisha huja hatua ya kromosomu za brashi ya taa: zinarefuka, vitanzi vya DNA vinachomoza pande zote, na RNA inanakiliwa kwa wingi usio wa kawaida. Hapo ndipo, kwa kuku aliyekomaa, nukleoli haipo. Hebu fikirini! Nyukliasi imo kazini kuliko wakati mwingine wowote, lakini jeni za ribosomu zimenyamaza. Elena Gaginskaya na wenzake huko Saint Petersburg wamelifuatilia suala hili kwa miaka mingi, na kwangu ni kazi inayostahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa. (Kwa njiwa mtaona viduara kwenye sentromia, pale kromosomu inapobanwa, hivyo ni vya protini, msivihesabu kuwa nukleoli.)

Basi ribosomu zinatoka wapi? Tazameni seli za granulosa zinazoizunguka seli ya yai. Kwenye ncha zake hujengeka vijisehemu viitwavyo transosomu, ambavyo kwa darubini ya elektroni huonekana vimebeba chembe zinazofanana na ribosomu. Vijisehemu hivyo hukatika, vikamezwa na seli ya yai.

Nzi wa matunda naye hulishiwa yai lake, na seli walezi 15. Ila walezi hao ni ndugu wa yai, wamezaliwa na seli moja nalo. Granulosa za ndege si za ukoo huo: ni seli za mwili wa mama, ambazo hazipitii meiosisi, ule mgawanyiko unaozaa mayai na mbegu, na nukleoli zake zinaendelea na kazi muda wote yai linapokua.