Laptopu iliyopasuka kioo inakuwa seva ya muziki ya nyumba nzima

Yambo sana, ndugu zangu. Niko Lubumbashi, Kamalondo, na hii mnayoiona mezani ni laptopu ya mdogo wangu. Kioo kimepasuka, herufi N haishiki tena, alishaanza kuitafutia mtu wa kununua vipuri. Nimemnyang'anya. Leo tunaigeuza iwe seva ya muziki: nyimbo zote zinakaa humo, na kila mwenye simu ndani ya lupango, yaani kiwanja chetu cha nyumbani, anazisikiliza kwa waifai bila kula mega.

Programu tunayoiweka ni Navidrome. Ni ya bure, na ni nyepesi: laptopu yenye RAM ya giga 2 inaiendesha bila kulalamika. Nimechagua laptopu badala ya kompyuta ya mezani kwa sababu moja tu: betri. Hata ikiwa imechoka na inashika dakika 20, delestaji fupi, yaani umeme kukatwa kwa zamu, haiizimi.

Debian, mfumo wa bure unaoendesha laptopu badala ya Windows, nimeshaiweka, hiyo siirudii. Kitu cha kwanza ni kuizuia isilale ukifunga kifuniko. Fungua faili ya /etc/systemd/logind.conf, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, ondoa alama ya reli (#) iliyo mbele yake, na baada ya alama ya sawa futa neno lililopo uandike ignore. Hifadhi, washa upya. Sasa unaweza kuifunga na kuiweka juu ya kabati.

Pili, Docker, chombo kitakachoiendesha Navidrome ndani ya laptopu. Agizo liko kwenye skrini: curl -fsSL https://get.docker.com | sudo sh. Hapa ndipo mega zinaliwa, kwa hiyo subiri furushi la usiku kama unalo. Baada ya hapo muziki wenyewe hauhitaji intaneti.

Tatu, folda mbili. Moja ya nyimbo, /srv/muziki, nyingine ya kumbukumbu za programu, /srv/navidrome. Ukizitengeneza kwa sudo, mwenye folda anakuwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, halafu Navidrome inagoma kuwaka kwa sababu haina ruhusa ya kuandika. Nimewahi kupoteza jioni nzima hapo. Piga sudo chown -R 1000:1000 /srv/navidrome, yaishe.

Nne, faili ya docker-compose.yml. Simamisha video uinakili polepole:

services:
  navidrome:
    image: deluan/navidrome:latest
    user: 1000:1000
    ports:
      - "4533:4533"
    restart: unless-stopped
    volumes:
      - /srv/navidrome:/data
      - /srv/muziki:/music:ro

Nafasi za mwanzo wa mistari ni za kitufe cha nafasi, si Tab. Ukiweka Tab inakataa. Mstari wa restart ndio unaoamsha programu yenyewe umeme ukirudi na mashine ikiwaka. Na zile herufi mbili za mwisho, ro, maana yake Navidrome inaruhusiwa kusoma nyimbo lakini haiwezi kuzigusa. Usiziondoe.

Piga sudo docker compose up -d. Ikimaliza, andika hostname -I upate anwani ya mashine. Yangu ni 192.168.1.20. Chukua simu, fungua kivinjari, andika http://192.168.1.20:4533. Mara ya kwanza inakuomba utengeneze jina na neno la siri la msimamizi. Hilo baki nalo wewe mzazi. Watoto na wageni watengenezee akaunti zao, kila mtu awe na orodha zake za nyimbo.

Sasa kazi yenyewe. Kuweka programu ni nusu saa. Kupanga nyimbo kunaweza kula wiki. Navidrome haijali majina ya folda zako. Inasoma lebo zilizo ndani ya faili: msanii, albamu, mwaka. Na sisi nyimbo zetu tumezipata wapi? Kwa kijana mwenye kibanda anayejaza flashi, kwa WhatsApp, kwa kaseti ya mjomba. Lebo hazipo, au ni vurugu tupu.

Angalieni hapa kwangu. Jean Bosco Mwenda. Mwenda Jean Bosco. Mwenda wa Bayeke. Ni mtu mmoja, mpiga gitaa wetu, lakini seva inanionyesha wasanii watatu, kila mmoja na nyimbo zake chache. Tena zile ambazo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, faili zangu zinadai ni za mwaka CD ilipotoka. Babu akisikia atanifukuza.

Dawa ni programu ya MusicBrainz Picard, unaiweka kwenye kompyuta unayotumia kila siku. Inasikiliza wimbo, inautafuta kwenye hifadhi ya mtandaoni, inapendekeza lebo. Kwa nyimbo zinazojulikana inasaidia sana. Kwaya ya parokia yenu haitaijua, hiyo utaiandika kwa mkono. Na kwa kwaya kuna mtego: kila wimbo una mwimbishaji wake, basi albamu moja inaweza kukatika vipande kumi. Jaza sehemu ya msanii wa albamu kwa jina la kwaya kwenye nyimbo zote, vipande vinaungana. Kisha rudi Navidrome, kwenye alama ya juu kulia, uiagize isome upya. Mmeona? Mwenda amebaki mmoja.

Kwenye simu, kivinjari kinatosha, ila programu maalumu ni bora. Kwa Android mimi natumia Ultrasonic, kwa iPhone iko Amperfy. Weka anwani ileile pamoja na 4533, jina na neno la siri. Uzuri wake, unahifadhi nyimbo kwenye simu ukiwa nyumbani, unazisikiliza ndani ya taksi-basi bila mtandao.

Ukitaka kuifikia seva ukiwa mbali, usifungue mlango wa ruta kwa dunia nzima. Weka Tailscale, programu inayounganisha simu na seva kwa njia ya faragha, pande zote mbili. Na upunguze ubora: wimbo wa dakika 4 wa kilobiti 320 unakula karibu mega 10, kwa Opus, aina ya faili inayobana sauti, ya kilobiti 96 haufiki mega 3.

Jambo la mwisho, diski ya nje ya kuwekea nyimbo. Nilianza na ile kubwa yenye chaja yake ya ukutani. Umeme ukakatika, laptopu ikabaki hai, diski ikafa, seva ikaona folda tupu. Chukua ile ndogo inayokula umeme wa USB. Na ruta pia inazimika! Geuza chini usome kibandiko; yangu ni ya volti 12, nimeifungia betri ndogo ya volti hizohizo.

Tujaribu. Spika iko jikoni, mama anasonga bukari, wimbo unapiga. Nachomoa waya wa ukutani... nimechomoa. Taa ya chaja imezimika. Wimbo wa kwanza umeisha, wa pili umeingia, na mama bado anaimba.