Bunduki ya Javelina: Mnyama Mdogo, Mtutu Mdogo

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nashukuru safari hii tumepata viti. Mara ya mwisho tulikalia makreti ya soda.

Nimeombwa nizungumzie bunduki ya kuwindia javelina. Hapa Arizona, Marekani, wanatamka "havelina", Kihispania hicho. Lakini kwanza tumtazame mnyama mwenyewe, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona kwa wenzetu yalianzia hapo. Mtu akiambiwa kuna "kanguruwe ka jangwani", anakumbuka ngiri wa Mikumi, au yule nguruwe pori aliyekuwa akifukua mihogo ya bibi yake. Akitoka dukani, amebeba bunduki ya kuangusha pofu.

Javelina si nguruwe. Yuko kwenye ukoo wa pekari, wanyama wa Amerika, na nguruwe ni binamu yake wa mbali tu. Meno ya ngiri yanajikunja kwenda juu. Ya huyu yamenyooka kama patasi, ya juu yanashuka na ya chini yanapanda, yanasuguana mpaka yananoleka. Mkubwa wake ana kilo ishirini hivi, begani hazidi sana nusu mita. Mbuzi wa kienyeji, basi. (Naona mzee pale nyuma kainua mkono. Najua swali. Kama ni halali au la, mwulize sheikh. Mimi nimekuja na habari za bunduki tu.)

Macho yake ni mabovu, pua yake ni kali. Upepo ukikupiga usoni na ukatembea taratibu, unaweza kulifikia kundi mpaka ukasikia wanavyotafuna mpungate. Hapo ndipo mambo mawili yanapojitokeza: utapiga kwa karibu, mara nyingi chini ya mita mia, na sehemu ya kulenga, yaani moyo na mapafu, ni kama upana wa sahani ndogo ya chai. Kwa hiyo unachohitaji ni bunduki unayoweza kuituliza. Nguvu ya ziada haikusaidii kitu.

Niwape kisa changu. Mwaka wangu wa kwanza niliazima .30-06 (namba hizi ni majina ya aina za risasi, na hii ni ya nguvu). Ni bunduki nzuri, kulungu wengi wa nchi hii wamelala kwayo. Nilipiga javelina mita arobaini hivi. Alianguka palepale, nikajiona bingwa. Kumchuna sasa! Risasi ilipotokea, bega zima lilikuwa uji wa damu na vipande vya mfupa. Kwa mnyama wa kilo ishirini, ukitupa bega umetupa chakula cha jioni cha watu wanne. Mke wangu aliangalia lile bakuli la nyama, akaniuliza kama nilimpiga kwa risasi au kwa treni.

Tangu hapo natumia .243, iliyo ndogo zaidi, na mwanangu anatumia .223, ndogo kuliko hiyo. Hiyo .223 haina teke, hata mtu mwembamba anaipiga bila kufumba macho. Na kufumba macho ndiko kunakojeruhi wanyama, jamani, kuliko udogo wa risasi. Ila chagua risasi inayochanua ikiingia nyama. Zile zilizofunikwa shaba mpaka ncha, kama za jeshini, sheria ya Arizona inazikataza kwa mnyama mkubwa wa kuwindwa, na javelina, pamoja na umbo lake, kaandikwa kwenye orodha hiyo. Halafu zinapenya na kutoka. Javelina hutembea kwa kundi, wanabanana. Ukimpiga wa mbele, unaweza kumtoboa na wa nyuma yake, na kibali chako ni cha mmoja. Subiri mmoja ajitenge.

Kuna wanaoniuliza .22 magnum, risasi yenye nguvu ndogo kuliko hizo. Hapa Arizona inaruhusiwa kwa mnyama huyu. Mimi siipendi. Mwenye mkono mtulivu na subira ya kusogea mpaka mita thelathini ataiweza, lakini wengi wetu hatuna subira hiyo, tunajijua.

Darubini ya bunduki nayo ina mtego. Nyingi zinakuza kuanzia mara tatu hadi tisa. Iache kwenye tatu. Niliwahi kusahau yangu kwenye tisa. Kundi likatoka kichakani ghafla, nikainua bunduki, nikaona manyoya tu. Manyoya ya kijivu yamejaa kioo kizima, sijui kama ni tako au shingo. Walipita wote huku wakigonganisha meno, ka-ka-ka-ka, kama mtu anatikisa mfuko wa karanga kavu, na ile harufu yao ya tezi ya mgongoni ikabaki puani mwangu. Sikupiga. Kumbuka pia kwamba akishtuka anasimamisha manyoya ya mgongo, anaonekana mnene kuliko alivyo. Lenga chini, nyuma tu ya mguu wa mbele.

Sasa niseme kile ninachokipenda zaidi. Arizona ina msimu maalumu, mara nyingi mwezi wa Februari, wa bastola, upinde na gobore. Ndiyo, gobore! Lile lile la babu, la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. La hapa ni la kisasa, lina darubini kama mtu akitaka, lakini kazi ni ile ile: baruti, risasi, mti wa kushindilia, na nafasi moja tu. Ukikosa, kundi limeshavuka korongo wakati wewe bado unapekua mfuko. Kwa javelina linafaa kabisa, maana umbali ni mdogo. Bastola pia: .357 magnum inatosha, mradi umefanya mazoezi ukiwa umeegemeza mikono kwenye goti, si kusimama kama kwenye sinema.

Kabla ya kununua chochote, soma kijitabu cha kanuni cha idara ya wanyamapori cha mwaka huo, na vibali vinapatikana kwa bahati nasibu, kwa hiyo omba mapema. Atakayekwenda Texas asome ya Texas. Kule wanaruhusu wawili kwa mwaka wa leseni, na misimu inategemea wilaya.

La mwisho ni macho kabla ya kidole. Dume na jike hawatofautiani kwa mbali, na wanazaa miezi yote. Ukimwona mmoja, tafuta nyuma ya miguu yake ya nyuma. Kama kuna kitu chekundu-chekundu, ukubwa wa paka, kinamfuata, teremsha mtutu na utafute mwingine.

Haya, mzee, mkono bado uko juu. Karibu.