Kompyuta Nzito Isifutwe Kabla ya Kupimwa

Mhadhara kwa walimu na wazazi, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum. Walimu wenzangu, wazazi na vijana, haya nimeyasema Unguja na nimeyasema hapa Pemba, nami nitaendelea kuyasema maadamu bado tunampelekea fundi kompyuta kwa kuwa ni nzito, naye, bila ya kuuliza wala kutazama, anaipiga Windows upya. Kufuta kila kilichomo ni hatua ya mwisho, na kwa ugonjwa unaozisumbua kompyuta nyingi za majumbani mwetu si dawa kabisa.

Mwalimu mmoja wa Wete alikuwa na laptopu ya mtumba ambayo akiiwasha huweza kwenda kutia udhu, akasali, akarudi, ikawa bado haijatulia. Ilifutwa, ikachangamka kwa muda, kisha ikarejea hali yake. Ikafutwa tena, na mara hii zikapotea picha za harusi ya binti yake, ambazo hakuwa na nakala yake popote. Alipoileta kwangu tulibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha la Task Manager, ambalo limo ndani ya Windows yenyewe na halinunuliwi. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa karibu haina kazi, na memori, yaani RAM, ilikuwa na nafasi, lakini safu ya diski ilikuwa imesimama kwenye asilimia 100, na hali hakuna programu hata moja aliyoifungua. Jawabu lilikuwa wazi muda wote huo, ila hapana aliyelitazama.

Diski ile ni ya sahani zinazozunguka. Katika laptopu nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11, na kila Windows inapotaka faili ndogo iliyo mahali pengine, kichwa cha kusomea hakina budi kuhama, kisha kisubiri sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Faili zikiwa zimetawanyika, diski ya namna hiyo hutimiza maombi mia moja hivi kwa sekunde, au chini ya hapo, ilhali Windows inapowaka huomba faili kwa maelfu. SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi kila kitu ndani ya chipu, haina kinachozunguka, na maombi kama hayo huyatimiza kwa maelfu mengi katika sekunde moja.

Najua mtaniambia: “Maalim, mbona iliponunuliwa ilikuwa nyepesi, na diski ni hiyo hiyo?” Tangu siku hiyo imepokea masasisho mazito, imetiwa antivairasi inayokagua kila faili, na imejaa programu zinazojiwasha zenyewe. Na ikifutwa huchangamka kwa sababu mizigo hiyo imeondolewa kwa muda, wala si kwa sababu diski imepona. Tena huenda diski yenyewe inakufa. Ipimeni kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa za afya ya diski, na ikitoa onyo, picha na nyaraka zote zihamishiwe kwenye diski ya nje siku hiyo hiyo, kabla ya ufundi wowote. Hapo sina mjadala na mtu, kwa sababu diski inauzwa dukani, lakini picha za harusi hazipatikani tena.

Mwalimu yule aliwekewa SSD ya inchi 2.5, ambayo iliingia pale pale ilipotoka diski ya zamani, na laptopu iliyokuwa itupwe bado anaitumia kutungia mitihani. Hata hivyo, asitoke mtu hapa akanunua SSD kabla ya kutazama safu ya memori. Memori ni jamvi la kuanikia karafuu, na diski ni ghala: jamvi dogo likijaa, karafuu nyingine hurejeshwa ghalani, kisha hutolewa tena, na siku ikaishia njiani. Mwenye memori ya GB 4 anayefungua vichupo vingi vya kivinjari kwa pamoja anahitaji kuiongeza ifike GB 8, ikiwa laptopu yake inakubali.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, kwa hiyo feni isafishwe vumbi na laptopu isiwekwe juu ya godoro. Programu zinazojiwasha zenyewe zizimwe katika ukurasa wa Startup, ndani ya Task Manager hiyo hiyo. Antivairasi iwe moja. Video ikikwama ilhali kila kitu kingine ni chepesi, tazameni intaneti.

Mwisho, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo. Kabla ya kununua kipuri chochote, tazameni kwanza prosesa ni ya kizazi gani, mjue kama kompyuta hiyo itakubali Windows 11.

Wakati umetubana. Walioleta kompyuta wazisogeze mezani na waziwashe sasa, tuisome safu ya diski ya kila moja kabla ya adhana ya alasiri.