Mbio za Dakika 17, Wewe Unaona Sekunde 45

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo kaka Salim ameingia studio na mabuti ya mvua, na nje jua kali.

SALIM: Mabuti haya yana historia, dada. Tutafika huko.

REHEMA: Haya. Tunazungumzia mbio za makasia za vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, pale mto Thames, London. Mwaka huu nakwenda kwa mara ya kwanza na mahali nimeshachagua: juu ya Putney Bridge, zinapoanzia, ili nisipitwe na kitu.

SALIM: Utapitwa na karibu kila kitu. Njia yao ni kilomita 6.8, kutoka Putney mpaka Mortlake, na washindi huimaliza kwa dakika 17 au 18 hivi. Hiyo ni karibu mita 7 kwa sekunde. Ukisimama mahali unapoona mita 300 za maji, mashua zinakupita kwa sekunde 45. Piga chafya mara mbili, zimeshaondoka.

REHEMA: Sekunde 45! Na watu wanawahi nafasi tangu asubuhi?

SALIM: Tangu asubuhi, maana hakuna kiingilio. Ila Putney Bridge nayo ina utamu wake, nisiinyime haki. Mpiga makasia hukaa mgongo ukielekea anakokwenda, sivyo? Kwa hiyo mashua inalikimbia daraja, lakini nyuso zote 8 zinakutazama wewe uliye juu. Aliyekupa mgongo ni yule mshika usukani peke yake, kile kijitu chepesi kinachopiga kelele. Unaona meno yanavyoumana kwenye makasia ya kwanza. Mahali pengine unaona migongo tu ikija.

REHEMA: Basi nabaki.

SALIM: Kama unataka nyuso, baki. Kama unataka mbio, hebu nipe mkanda wa mkoba wako.

REHEMA: Wasikilizaji, anaukunjakunja juu ya meza.

SALIM: Huu ndio mto. Ukitoka Putney unapinda kidogo kulia, kisha kuna kona ndefu sana ya kushoto kupitia Hammersmith, halafu kulia tena kule Barnes. Mashua iliyo upande wa ndani wa kona ina njia fupi. Ndiyo maana hurushwa sarafu kabla ya mbio, na anayeshinda huchagua upande: Surrey, yaani kusini, au Middlesex, kaskazini. Na sarafu yenyewe si ya juzi, ni ya dhahabu, ya mwaka 1829, mwaka timu hizi zilipokutana mara ya kwanza.

REHEMA: Kwa hiyo na mimi nikae upande wa ndani.

SALIM: Hapo ndipo wengi wanapokosea! Weka kidole hapa, ukingo wa ndani. Unaona nini?

REHEMA: Mkanda unapinda, unanikimbia.

SALIM: Ukingo wako mwenyewe unakuziba. Sasa hamia ukingo wa nje.

REHEMA: Ala! Naona huku na huku.

SALIM: Macho yanakata maji mshazari. Mpiga makasia anapenda ndani, mtazamaji anataka nje. Kwa kona ile ndefu, nje ni upande wa kaskazini: pale Furnivall Gardens, Hammersmith, na njia ya ukingoni inayoendelea kwenda Chiswick. Na hapo si mandhari tu. Kona ile inampendelea wa Surrey, ndiyo nafasi yake ya kuchomoka. Asipochomoka, kona ya mwisho ni ya mwenzake, na mara nyingi habari yake imekwisha.

REHEMA: Na kule mwisho, Mortlake?

SALIM: Utamwona mshindi na utaona watu wanavyoanguka juu ya makasia yao. Lakini wakifika hapo mara nyingi wameachana sana, unapiga makofi tu. Ila hujui: mwaka 1877 walitoka sare. Na mwaka 1978 watu wa karibu na Barnes Bridge waliiona mashua ya Cambridge ikizama. Upepo ukivuma kinyume na maji yanayojaa, mawimbi yanafupika na kusimama, na mashua zile ziko chini mno. Mwaka 1912 zote mbili zilijaa maji, wakarudia siku nyingine.

REHEMA: Kumbe Thames inajaa na kupwa?

SALIM: Kama bahari! Mtu wa pwani haumwambii mara mbili. Na mbio hupangwa maji yakiwa yanajaa, saa moja na nusu hivi kabla hayajafika juu kabisa, ili mkondo uwasukume. Sasa mimi mwaka jana nikashuka Chiswick kwenye kijisehemu cha changarawe, nimejipatia mahali peke yangu, najiona mjanja. Mashua zikapita, nzuri kabisa. Nyuma yao ikaja boti ya mwamuzi, na msafara wa boti nyingine za injini. Wimbi lile lilinifika magotini.

REHEMA: Pole!

SALIM: Bado. Nikapanda barabarani kukamua soksi. Nimesahau kuwa mbio zimekwisha lakini maji bado yanapanda. Nikiinua kichwa, barabara yenyewe ya Chiswick Mall imeanza kuingiwa na maji. Kiatu kimoja kinaelea.

REHEMA: Kinaelekea Mortlake.

SALIM: Kwa kasi ya Cambridge.

REHEMA: Sasa nishauri. Nataka nyuso, na kona pia nataka.

SALIM: Utapata vyote. Tangu mwaka 2015 wanawake wanapita njia hiyohiyo, siku hiyohiyo. Kwa kawaida wao hutangulia, wanaume hufuata baada ya muda wa saa moja hivi. Watazame wanawake kutoka Putney Bridge, kisha ondoka papo hapo, usisimame kununua kitu. Kwa miguu, kando ya mto, ni mwendo wa dakika 40 au zaidi kidogo mpaka Hammersmith ukihesabu msongamano. Wanaume watakukuta ukingo wa nje.

REHEMA: Nitaazima hayo mabuti.

SALIM: Ni namba 44.

REHEMA: Nitavaa soksi tatu.