Samaki Aliyekwisha Kukauka

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jioni hii nazungumzia riwaya iliyoniumiza, na imeniumiza kwa sababu niliipenda kabla sijaifungua. Suzanne Collins alihitimisha The Hunger Games, riwaya za nchi ambayo kila mwaka huwatoa watoto wa wilaya zake wauane uwanjani, mwaka 2010, kwa kitabu cha tatu, Mockingjay. Mei 2020 akatuletea The Ballad of Songbirds and Snakes, kisa kinachorudi miaka 64 kabla ya Katniss, shujaa wa vitabu vile, kujitolea kuingia uwanjani badala ya mdogo wake. Humo tunamkuta Rais Coriolanus Snow, yule mtawala katili wa nchi hiyo, akiwa kijana wa miaka 18.

Mkumbukeni Snow tuliyemjua. Kitabu cha pili, Katniss anaingia nyumbani kwake anamkuta mzee huyo anamsubiri. Ananuka waridi, na chini ya waridi ananuka damu. Kwa nini damu? Hatuambiwi mpaka kitabu cha tatu, Finnick, mwenzake Katniss, anapofichua kwamba mzee alikuwa akinywa sumu kikombe kimoja na wapinzani wake ili wasimshuku, na vidonda vikabaki kinywani mwake. Maneno machache tu! Mimi nilikiweka kitabu chini, nikakaa kimya. Maisha mazima ya mtu yalikuwa ndani ya harufu.

Sasa kitabu kipya. Nisimdhulumu mwandishi: kinaanza vizuri sana. Kijana yatima wa ukoo mkubwa anachemsha kabichi, maana hakuna kingine. Utajiri wa Snow ulikuwa viwanda vya silaha Wilaya ya 13, navyo viliteketea vitani. Binamu yake, Tigris, amelishona upya shati kuukuu la baba, na vifungo amevitengeneza kwa vigae vidogo vya bafu la watumishi. Nilipofika kwenye vifungo vile nikasema, hapa nimepata kitabu.

Lakini wazee wetu wanasema samaki mkunje angali mbichi. Tulialikwa kutazama samaki akikunjwa, tuone ni mkono wa nani, na ni siku gani mfupa ulilia. Tunakuta amekwisha kukauka. Tangu kurasa za mwanzo Coriolanus anapima kila mtu kwa faida atakayompa. Msichana wa Wilaya ya 12, Lucy Gray, anayeletwa kufa uwanjani, kwake, mwanafunzi aliyepangiwa kumsimamia, ni tiketi ya chuo kikuu. Hata anapompenda, anampenda kama mali yake. Na msimulizi wa nafsi ya tatu amejibanza kichwani mwake, anatusomea kila hesabu anayoipiga. Katika vitabu vya Katniss tulikuwa tukishtuka pamoja naye. Humu tunaelezwa hofu, tunaelezwa wivu, kisha tunaelezwa tena.

Kuna usiku mmoja uliokaribia kuwa kile nilichokitaka. Rafiki yake, Sejanus, anajipenyeza uwanjani kunyunyiza makombo ya mkate juu ya maiti ya Marcus, kijana waliyesoma naye zamani, kama ilivyo desturi ya kwao Wilaya ya 2. Coriolanus anatumwa kumtoa. Wakiwa wanatoroka anashambuliwa na mtoto, Bobbin, naye anampiga mpaka anakufa. Ni mauaji yake ya kwanza! Nilitaka tubaki pale, tuone mikono yake. Badala yake Dk. Gaul, bibi wa maabara anayeendesha mashindano hayo, anayageuza kuwa somo kuhusu asili ya binadamu. Kitabu kimefunguliwa kwa manukuu ya Hobbes, Locke na Rousseau, na wanafalsafa hao hawamwachi kijana apumue.

Kisha maelezo yasiyoombwa. Wimbo wa mti wa kunyongea aliouimba Katniss ulitungwaje, ziwa la babake Katniss, hata ule mmea uliompa Katniss jina. Kila siri iliyokuwa ikitutia baridi imepewa cheti cha kuzaliwa. Na pale Coriolanus anapomgeukia Lucy Gray msituni na kumfyatulia risasi, jambo ambalo kitabu kizima kililisubiri, linapita kwa haraka mno.

Lakini kidonda changu hasa ni Tigris. Wasomaji wa Mockingjay mnamfahamu: ni yule mwanamke mwenye sura ya paka aliyemficha Katniss chini ya duka lake la manyoya. Katniss alipomwambia anakwenda kumuua Snow, midomo yake ilifanya kitu kama tabasamu. Kitabu kipya kinatuambia ni binamu yake, walilelewa nyumba moja, walilala njaa pamoja. Nikasema basi, tutaona walivyoachana. Nikafungua kurasa nikisubiri. Kitabu kinaisha, na Tigris bado yuko upande wake.

Kati ya vifungo vya vigae na tabasamu lile kuna miaka zaidi ya 60. Hiyo ndiyo riwaya niliyokuwa naingoja.