Mzima wa Afya, Kaa Benchi

Haya, mnanisikia? Ngojeni nisogee kidogo, hapa kuna basi linanguruma. Sawa. Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Mama, shikamoo. Najua umeshikiwa simu na unauliza mbona mwanao kavaa kofia nyekundu kama mtu wa Msimbazi. Hii si Simba, mama. Hii herufi ni ya Washington. Nipo nje ya uwanja wa Nationals Park, mto Anacostia uko huko nyuma yangu, na watu ndio wanaanza kumiminika kutoka kituo cha treni. Leo nina siku ya mapumziko. Wanaonifahamu wanajua hilo ni kama kupatwa kwa jua.

Nataka niwasimulie kisa cha mkono. Mkono wa mtu mmoja, wa kulia, uliogombanisha mji mzima.

Hebu fikirieni hivi. Yanga inaongoza ligi. Mwezi umebaki mmoja, mechi za Afrika ziko mlangoni. Asubuhi uongozi unaita waandishi pale Jangwani na kutangaza kwamba mshambuliaji wao bora hachezi tena mpaka msimu ujao. Anaumwa? Hapana. Ana kadi? Hapana. Kagombana na kocha? Wala. Mzima wa afya, ila "tunamtunza". Mnadhani hicho kikao kingeisha salama?

Basi hapa kilitokea, mwaka 2012.

Kwanza niwape besiboli kidogo, maana najua wengi mnaiona kwenye sinema tu. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, kuanzia masika yao mpaka mwisho wa Septemba. Mechi ina vipindi tisa. Wenyewe wana jina lao, mimi navita ngwe, kama ngwe za shambani: unalima yako, unampisha mwenzako. Ngwe inakwisha wapigaji watatu wakitolewa, ndiyo maana mtanisikia nikisema ngwe kadhaa na theluthi. Na mtu anayeshika mchezo wote mkononi ni mrushaji. Anasimama kwenye kituta cha udongo, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, anavurumisha mpira. Wale wakali wanafika kilomita 155 kwa saa na kupita. Mechi moja mrushaji anaweza kutupa mipira kama mia, halafu anapumzika siku nne, wenzake wanne wanapokezana.

Mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Ndani ya kiwiko kuna kano linaloshika mfupa wa juu na wa chini, na kila mpira unalivuta. Likichanika, zamani ulikuwa umekwisha, rudi kwenu. Mwaka 1974 daktari mmoja, Frank Jobe, alimfanyia upasuaji mrushaji wa Dodgers anayeitwa Tommy John: alitoa ukano kwenye mkono wake wa kulia akaupandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. Watu walijua ndiyo basi tena. Jamaa akarudi, akarusha mpaka 1989. Upasuaji huo mpaka leo unaitwa Tommy John. Angalieni dunia ilivyo, jina kapewa mgonjwa, siyo daktari.

Sasa Stephen Strasburg. Mrushaji, kijana wa San Diego. Mwaka 2009, timu zilipogawana vijana wapya wa nchi nzima, Washington walimchagua yeye, wa kwanza kabisa. Mechi yake ya kwanza hapa hapa, tarehe 8 Juni 2010, dhidi ya Pittsburgh, aliwatoa wapigaji 14 kwa kuwakosesha mpira. Kumi na wanne, siku ya kwanza kazini! Watu wa Washington waliokuwa wamezoea kufungwa wakaanza kuvaa jezi yake mpaka kanisani. Agosti mwaka huohuo kano likachanika. Tommy John. Mwaka mzima nje.

Akarudi Septemba 2011, na mwaka 2012 timu ikawa moto. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nahudumia wazee, kazi ileile ninayofanya hadi leo, na mzee wangu mmoja wa huko Silver Spring alikuwa hataki kitu kingine kwenye runinga. Ndiye aliyenifundisha mchezo huu, kwa kunifokea zaidi. Mara ya mwisho timu ya Washington kufika kwenye mchujo wa ubingwa ilikuwa 1933. Mzee alikuwa na miaka mitatu. Mwaka 2012 alikuwa na miaka 82, na timu yake inaongoza.

Lakini meneja mkuu, Mike Rizzo, alikuwa ameshasema tangu mwanzo wa mwaka: kijana katoka kwenye upasuaji, madaktari wameshauri, akifika karibu na ngwe 160 tunamsimamisha. Na siyo kwamba alijitungia kwa Strasburg peke yake. Mwaka uliotangulia mwenzake, Jordan Zimmermann, aliyepitia upasuaji huohuo, alisimamishwa kwenye ngwe 161 na theluthi, na msimu uliofuata akarudi imara. Tofauti ni kwamba 2011 timu ilikuwa haigombei chochote. Kumpumzisha mtu wakati hakuna mavuno, nani atalalamika?

Tarehe 7 Septemba 2012 Strasburg alirusha dhidi ya Marlins, akafungwa pointi tano ndani ya ngwe tatu. Kesho yake wakamfungia hesabu: ngwe 159 na theluthi, ushindi 15 ulioandikwa kwa jina lake. Timu ilikuwa bora kuliko zote kwenye ligi nzima, ilimaliza na ushindi 98. Kijana mwenyewe alikasirika waziwazi. Kocha, Davey Johnson, alisema hesabu za ngwe zimemwelemea akili, kila siku anaulizwa yeye tu. Mzee wangu alitupa rimoti. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Yule kijana ana mwakani. Mimi mwakani sina."

Halafu Oktoba. Robo fainali na St. Louis Cardinals, mechi ya tano, mshindi anasonga, tarehe 12, uwanja huu huu. Washington inaongoza 6-0. Nikawa nishapiga simu nyumbani Muheza kusema timu yangu imepita, na Muheza wakaniuliza, timu gani? Ngwe ya tisa inaanza ni 7-5. Wapigaji wawili wameshatolewa, amebaki mmoja, na umebaki mpira mmoja tu mzuri. Cardinals wakafunga pointi nne. 9-7. Mzee hakusema kitu, alizima taa.

Mji mzima ukasema: angekuwepo Strasburg. Nami nilisema hivyo, miaka mingi. Lakini nimeirudia ile michezo, na haki yao niwape. Aliyechukua nafasi yake kwenye mchujo, Ross Detwiler, alirusha mechi ya nne, ngwe sita, wakafungwa pointi moja tu na siyo kwa kosa lake. Walishinda 2-1. Na mechi ya tano iliharibika mwishoni, mikononi mwa mrushaji wa kumalizia mechi, siyo mrushaji wa kuanza. Kwa hiyo habari ya kwamba angekuwepo wangebeba kombe ni maneno ya barazani.

Sasa mnaniuliza, wewe uko upande gani? Subirini, huyu jamaa anapita na mbwa... Haya.

Kuna wanaosema mwachieni mchezaji mwenyewe aamue, mkono ni wake. Jamani. Mimi ni mtu wa shifti. Mwaka 2014 nilikuwa namalizia nyumba ya mama, bati zilikuwa zimebaki. Msimamizi akipiga simu, "unaweza usiku wa leo?", naweza. "Na Jumapili?" Naweza. Hakunilazimisha. Nilikwenda hivyo miezi mitatu mpaka siku moja nikalala kwenye taa nyekundu, mguu kwenye breki, nikaamshwa na honi za watu. Mtu anayetaka kitu kwa moyo wote ukimuuliza kama amechoka anakudanganya, na anaanza kujidanganya yeye kwanza.

Matt Harvey wa New York Mets ndiyo picha yake. Mwaka 2015 naye alikuwa katoka kwenye Tommy John, wakala wake Scott Boras, ambaye ndiye wakala wa Strasburg pia, akataka asizidi ngwe 180. Mashabiki wakamrarua kijana, eti anaikimbia timu. Akaendelea. Fainali ya World Series, mechi ya tano, tarehe 1 Novemba, kaongoza 2-0 baada ya ngwe nane. Kocha Terry Collins anataka kumtoa, Harvey anagoma, uwanja mzima unaliimba jina lake. Kocha akalainika. Kansas City wakasawazisha ngwe ya tisa, wakashinda kwenye ngwe za nyongeza, ya 12, wakachukua kombe. Msimu ule Harvey alirusha ngwe 216 jumla. Mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji begani, na Harvey yule hakuonekana tena.

Kwa hiyo kuhesabu, wahesabu. Na anayehesabu asiwe yule anayerusha. Hapo nipo na Rizzo.

Ninapomkatalia ni jinsi alivyoitumia akiba. Mkulima wa kwetu ana debe moja la mahindi na anajua njaa inakuja mwezi wa pili. Hali ugali kutwa mara tatu kuanzia mavuno halafu mwezi wa pili akaseme nimefuata bajeti! Anaanza kuhesabu kutoka kule kwenye njaa, anarudi nyuma. Walijua tangu Februari kwamba ngwe ni 160. Walikuwa na uwezo wa kumwanzisha Mei. Walikuwa na uwezo wa kumrukisha mechi za Juni zisizo na uzito. Atlanta walifanya hivyo mwaka uleule na Kris Medlen, naye wa Tommy John: wakamtumia kidogokidogo miezi ya kwanza, wakamweka kwenye zamu ya kuanza mwisho wa Julai, akashinda mechi kumi akapoteza moja. Washington hawakuamini wangefika Oktoba, hiyo ndiyo siri yenyewe. Walipanga kama watu waliozoea kufungwa.

Na nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, huyo Medlen kiwiko chake kilichanika tena mwaka 2014. Hakuna hesabu inayokupa hakikisho. Kano halisomi daftari lako.

Strasburg je? Alidumu. Mwaka 2019 timu hii ilibeba World Series kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali, ushindi tano na hajapoteza hata mmoja katika mchujo. Ngwe alizorusha mwaka ule, ligi na mchujo pamoja, ni 245 na theluthi. Desemba wakampa mkataba wa dola milioni 245. Dola milioni moja kwa kila ngwe, ukitaka. Baada ya hapo, katika miaka yote ya mkataba, alianza mechi nane tu. Mishipa ya fahamu kati ya shingo na bega, wakamtoa ubavu, haikusaidia. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Juni 2022 kule Miami, dhidi ya Marlins haohao. Mwaka 2024 akastaafu.

Wengine wanasema hiyo inaonyesha zile ngwe za 2012 zilikuwa za bure, mkono ungekufa tu. Wengine wanasema bila 2012 kusingekuwa na 2019. Mimi naangalia lile bango la 2019 pale juu, mnaliona? Nikavuta kidogo... lile pale. Namkumbuka mzee wangu. Alifariki 2016.

Ah, kabla sijasahau, wadogo zangu wa Uganda mnaoniandikia. Agosti ileile ya 2012, huku Washington wanagombana, watoto wa Lugazi walikuwa Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, Little League. Waliifunga timu ya Oregon 3-2. Kule, mtoto wa miaka 12 akifika mipira 85 kwa siku anatolewa, hata awe anaongoza, hata mama yake alie jukwaani. Na akizidisha 65 anakaa siku nne bila kurusha. Hakuna mjadala, hakuna wakala. Makocha wa huko nyumbani mnaowafundisha vijana, hiyo kanuni haina gharama, inataka kalamu tu.

Naona geti wamefungua. Tiketi yangu ni ya juu kabisa huko, ya bei ya mwenye bati za kulipia. Leo anaanza kijana mdogo, mkono mwepesi kama kombeo, na timu yenyewe sihitaji kuwaambia iko nafasi ya ngapi. Nimebeba daftari. Akifika mpira wa mia na kocha bado kakunja mikono, mtanisikia mpaka Muheza. Simu ya msimamizi hii hapa inaita tena... Ngoja kwanza, naizima.