Ndama Asiye na Pembe: Jeni Moja, Hesabu Nyingi

HAMISI: Karibuni tena kipindini. Dada Zawadi, leo tuanze na kazi ambayo wafugaji wengi huifanya bila kuipenda, yaani kuunguza vichipukizi vya pembe za ndama kwa chuma cha moto.

ZAWADI: Asante, kaka Hamisi. Katika wiki za mwanzo kichipukizi huwa kimeshikana na ngozi tu, lakini ndama akifikia miezi miwili hivi huanza kushikamana na fuvu. Akicheleweshwa zaidi hukatwa pembe yenyewe, na jeraha lake ni kubwa, kwa kuwa mnyama anapokua uwazi uliomo katika mfupa wa paji la uso huenea hadi ndani ya pembe. Ganzi husaidia, ila maumivu ya kidonda hudumu kuliko ganzi. Ndiyo maana naona heri ndama azaliwe bila pembe tangu mwanzo.

HAMISI: Na ng'ombe wa namna hiyo wapo. Angus, ambao ni ng'ombe wa nyama, hawana pembe kwa asili. Mbona wale wa maziwa wamebaki nyuma?

ZAWADI: Si kwa sababu sifa yenyewe ni ngumu kurithishwa. Inaongozwa na eneo moja tu katika kromosomu ya 1, nayo ni sifa tawala, kwa hiyo ndama akirithi nakala moja ya jeni ya kutoota pembe kutoka kwa mzazi yeyote, haoti pembe. Yapo mabadiliko kadhaa ya vinasaba yanayoleta matokeo hayo. Katika lile liitwalo la Kikelti, kipande cha herufi 212 za DNA kimejirudia na kuchukua nafasi ya herufi 10. Katika lile la Kifrisi, kilichojirudia ni kipande kirefu cha herufi 80,128.

HAMISI: Basi ukimtumia fahali mwenye nakala mbili kwa majike wenye pembe, ndama wote watazaliwa bila pembe.

ZAWADI: Wote. Akiwa na nakala moja, utarajie nusu. Shida ni kwamba mafahali hao wawili kwa kawaida hufanana kwa macho, hivyo kipimo cha vinasaba, hata kwa unywele uliong'olewa na mzizi wake, ndicho kinachowatofautisha. Lakini umeuliza kwa nini wamebaki nyuma. Kwa miongo mingi mafahali wa maziwa walichaguliwa kwa wingi wa maziwa, afya ya kiwele na uzazi, na hakuna aliyejali pembe. Wasio na pembe wakabaki wachache, na wengi wao walikuwa na thamani ya uzalishaji iliyo chini. Mfugaji akawa anachagua kati ya kuokoa vichwa vya ndama na kulinda maziwa, na sote tunajua alichagua nini.

HAMISI: Hapo ndipo uchaguzi wa kijenomu unapoingia?

ZAWADI: Ndipo hasa. Nadharia yake ilichapishwa mwaka 2001 na watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard, na Marekani ilianza kutoa tathmini rasmi za namna hiyo kwa Holstein, ambao ni ng'ombe wa maziwa, mwaka 2009. Husomwa alama za DNA maelfu kwa maelfu katika jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mnyama, kisha zinalinganishwa na kumbukumbu za ng'ombe wengi waliokwisha kupimwa maziwa na afya. Zamani fahali alingoja miaka mitano au zaidi mpaka binti zake wakamuliwe. Sasa ndama wa wiki chache hukadiriwa thamani yake, na sampuli hiyo hiyo inaweza kuonyesha kama amebeba jeni ya kutoota pembe. Kwa hiyo, kati ya ndama kumi wasio na pembe, unamtambua mapema yule mwenye maziwa bora, na pengo linazibwa kizazi baada ya kizazi, tena kwa haraka.

HAMISI: Nina wasiwasi mmoja. Wakiwa wachache, si watazaana ndugu kwa ndugu?

ZAWADI: Wasiwasi huo ni wa haki, na kwangu ndio uzito wa jambo zima. Ukiwakimbilia wenye nakala mbili peke yao, ukoo mzima utaelemea mababu wachache. Mimi ningemkubali fahali mzuri mwenye nakala moja, hata ikibidi kuunguza vichipukizi vya nusu ya ndama kwa vizazi viwili zaidi, na ningegawa mbegu kwa mafahali kadhaa vijana, kwa kuwa makadirio ya ndama mmoja hayana uhakika wa fahali aliyethibitishwa kwa binti zake.

HAMISI: Na wale waliohaririwa jeni, yaani waliobadilishwa vinasaba maabarani ili wasiote pembe?

ZAWADI: Mafahali wawili wa namna hiyo waliripotiwa mwaka 2016. Mwaka 2019 wataalamu wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wakaripoti kukuta vipande vya DNA ya bakteria katika jenomu ya ng'ombe waliohaririwa hivyo. Njia ya kuchagua ni ya polepole, lakini haina mgeni wa namna hiyo.

HAMISI: Anayenunua mbegu ya Holstein asome nini katika orodha ya mafahali?

ZAWADI: Aangalie herufi zilizo kando ya jina. PP ni aliyepimwa akakutwa na nakala mbili, PC ni mwenye nakala moja, na PO ni aliyeonekana tu kwa macho kuwa hana pembe. Pia asishangae ndama wa PC akiota vijipembe vidogo vinavyochezacheza, vilivyoshikwa na ngozi tu. Hivyo huongozwa na vinasaba vingine, na hutokea zaidi kwa madume.